Boti Moja, Wanaume Wanne, Miaka 31: Ngawira Iliyotikisa Marekani

Ukisoma vile Marekani ilipata uhuru utaletewa picha zile zile. Washington akivuka mto wenye barafu, wakulima na bunduki zao, wazee waliovaa nywele bandia wakitia sahihi karatasi. Sawa. Lakini kuna vita vingine vilivyopiganwa baharini, na hivyo vilikuwa biashara kamili. Watu waliingia wakiwa na hisa, wakapiga hesabu kabla ya kupiga risasi. Mimi naona hivi: ukitaka kujua mapinduzi yalikuwa ya nani, weka hotuba kando kwanza, uliza ngawira iligawanywa vipi.

Kwa hivyo leo nawaletea boti inayoitwa Active na msee mmoja kwa jina Gideon Olmsted. Aliiteka boti hiyo mwaka wa 1778. Pesa yake ilipatikana 1809. Katikati hapo kuna jaji mkaidi, jenerali msaliti, mwanasayansi aliyeficha pesa nyumbani, na wanajeshi wenye singe wakilinda nyumba ya akina mama wawili. Lakini tusiruke, tuelewe kwanza mchezo wenyewe.

Huku kwetu ukisema haramia, mtu anakumbuka wale waliokuwa wanafikishwa kortini Mombasa kwa kuteka meli Bahari ya Hindi. Yule haramia hana karatasi. Karne ya 18 kulikuwa na mwenzake mwenye karatasi: mfanyabiashara na meli yake, mizinga yake, mabaharia wake, na kibali cha serikali kinachosema huyu anaruhusiwa kuteka meli za adui. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwenye kibali akishateka meli, haimiliki papo hapo. Lazima aipeleke bandarini, jaji wa mahakama ya bahari asikize na aamue kweli hii ni mali ya adui, ipigwe mnada, ndio pesa igawanywe. Bila karatasi unanyongwa. Ukiwa na karatasi unangoja mnada.

Makoloni 13 ya Marekani yalipoanza vita na Uingereza mwaka wa 1775 hayakuwa na jeshi la majini. Uingereza ilikuwa na jeshi kubwa kuliko yote duniani. Halafu Desemba ya mwaka huo huo Bunge la London likapitisha sheria kwamba meli yoyote ya makoloni yaliyoasi ni halali kutekwa. Kongresi, yaani lile bunge la makoloni yote, likajibu tarehe 23 Machi 1776: raia wetu pia wanaweza kuandaa meli za silaha na kuteka za Waingereza. Fomu zikachapishwa zikiwa na nafasi wazi ya kujaza jina la meli na la nahodha, chini sahihi ya John Hancock. Ulitakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 kama meli yako ni chini ya tani 100, na dola 10,000 ikizidi hapo, ndiyo usije ukateka meli za marafiki. Mpaka vita vinaisha, Kongresi lilikuwa limetoa vibali karibu 1,700. Meli za jeshi lenyewe la Kongresi zilihesabika kwa makumi tu.

Sasa ugomvi wa kugawana. Huo ulianza hata kabla ya vibali.

Septemba 1775 Washington alikuwa amezingira Boston na hana baruti. Akakodi boti ndogo, Hannah, akaijaza wanajeshi waliokuwa wavuvi, akawatuma nje wawinde meli za mizigo za Waingereza. Akawaandikia na masharti: theluthi moja ya thamani ya mzigo ni yenu, isipokuwa vifaa vya kijeshi. Ndani ya hiyo theluthi nahodha anapata mafungu sita, luteni wa kwanza matano, daktari manne, na askari wa kawaida fungu moja. Siku chache tu wakateka meli inaitwa Unity. Furaha! Kumbe Unity ilikuwa ya John Langdon, mwanasiasa wa upande wao wenyewe, mjumbe wa Kongresi, na Waingereza walikuwa wamemnyang'anya. Washington akasema hiyo si ngawira, mwenye mali arudishiwe. Mabaharia wakagoma. Wakakamatwa, wakapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi.

Nalipenda hili tukio kwa sababu halimo kwenye sinema. Meli ya kwanza kabisa kutekwa na jeshi la Washington, na kilichofuata ni mgomo wa malipo. Na huwezi kuwalaumu hawa watu hivi hivi. Waliambiwa kuna theluthi, wakahatarisha shingo, kisha wakaambiwa mwenye meli ni mtu mkubwa wetu.

Kwa meli za watu binafsi mambo yalikuwa mazuri zaidi, na hapa ndipo jeshi la majini liliumia. Ukiwa kwenye meli ya Kongresi, serikali inachukua sehemu kubwa: mwanzoni mabaharia walipewa theluthi tu ya meli ya biashara, na nusu kama ni meli ya kivita. Kwenye meli binafsi serikali haikuchukua kitu. Desturi ilikuwa nusu ya wenye meli, nusu ya mabaharia. Fikiria matatu mbili stendi moja: moja mwenye gari anataka hesabu yote na anakuachia chai, ya pili mnagawana nusu kwa nusu. Wewe makanga utapanda gani? Basi vijana walikimbilia zile binafsi, na meli za jeshi zikawa zinakaa bandarini kwa kukosa watu. Oktoba 1776 Kongresi likaongeza dau, likasema mabaharia wa jeshi watapata nusu ya meli ya biashara na meli yote kama ni ya kivita. Bado halikushindana na soko.

Matajiri walijua pa kuweka pesa. Elias Hasket Derby wa mji wa Salem, Massachusetts, alituma meli nyingi na akatoka vitani akiwa mmoja wa watu matajiri zaidi Marekani. Mbinu ilikuwa kununua vipande. Huna haja ya meli nzima, unanunua sehemu ya meli hii na sehemu ya ile, moja ikizama nyingine inaleta. Baharia naye, ambaye hana mtaji ila mwili wake, alikuwa na uwezo wa kuuza fungu lake mapema kwa mtu wa mjini ili aachie familia kitu. Meli ikirudi na utajiri, fungu ni la yule wa mjini. Ikikosa kurudi, mwili ni wa baharia.

Na nyingi hazikurudi. Mwaka wa 1777 Uingereza ilitunga sheria ya kuwaweka mabaharia hawa ndani kama washukiwa wa uharamia, bila kesi. Wengine waliwekwa kwenye magofu ya meli yaliyotia nanga Wallabout Bay, pale Brooklyn. Iliyojulikana zaidi iliitwa Jersey. Waliokufa kwenye meli hizo za jela ni maelfu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi yanazidi 11,000, ambayo ni zaidi ya waliouawa kwa risasi katika vita vyote vya nchi kavu. James Forten, kijana mweusi huru wa Philadelphia, alikuwa na miaka 14 alipopanda meli binafsi Royal Louis mwaka wa 1781. Walitekwa, na yeye akaishia Jersey miezi kadhaa. Alitoka hai, akaja kuwa fundi tajiri wa matanga na mpinzani mkubwa wa utumwa. Mwenyewe alijua kilichokuwa kinamngoja: baharia mweusi akitekwa, kulikuwa na hatari ya kuuzwa West Indies.

Maana nani alisema ngawira ni sukari na ramu tu? Watumwa waliokutwa kwenye meli walihesabiwa kuwa mzigo. Mwaka wa 1776 wanaume wawili weusi waliotekwa na meli Hannibal waliletwa Salem na wakatangazwa kuuzwa kwenye mnada. Miezi miwili tu baada ya lile tamko kwamba watu wote wameumbwa sawa. Bunge la Massachusetts lilizuia mnada huo, likaamuru watendewe kama mateka wengine. Hongera kwao, lakini angalia ilichukua nini: uamuzi wa bunge zima kwa watu wawili. Yule aliyeandika tangazo la mnada hakuona kama anafanya jambo la ajabu. Alikuwa anafuata utaratibu wa kila meli.

Haya, turudi kwa Olmsted.

Olmsted alikuwa mtu wa Connecticut. Waingereza walimteka baharini, wakampeleka Jamaica, kisha wakamweka yeye na Wamarekani wengine watatu kwenye Active wasaidie kuiendesha hadi New York, ambako jeshi la Uingereza lilikuwa linangoja mzigo. Usiku wa kuamkia tarehe 7 Septemba 1778, hao wanne wakainuka. Walikuwa wachache sana ukilinganisha na nahodha, mabaharia wake na abiria. Wakawafungia wote chini, wakageuza boti kuelekea pwani ya New Jersey. Kule chini nahodha hakukata tamaa. Aliyeyusha vijiko vya bati akatengeneza risasi, akafyatua kupitia mlangoni, na akaubana usukani usigeuke. Siku mbili za kuvutana hivyo, hawa juu, wale chini, na boti moja kati yao.

Walipoanza kuona nchi kavu, ikatokea meli Convention, mali ya jimbo la Pennsylvania, chini ya Kapteni Houston. Pembeni kulikuwa na meli binafsi iitwayo Gerard. Convention ikaja, ikaingia Active, ikaichukua na kuipeleka Philadelphia kama ngawira yake. Olmsted anasema jamani, hii nimeshaiteka mimi. Houston anasema nyinyi hamkuwa mmeimaliza, wale chini bado walikuwa wanapigana, bila sisi mngepokonywa.

Kesi ikaenda kwa Jaji George Ross wa mahakama ya bahari ya Pennsylvania. Ross si mtu wa kawaida, sahihi yake iko kwenye Tamko la Uhuru. Baraza la wazee wa mahakama likaamua: Olmsted na wenzake robo. Robo tatu zilizobaki ziende kwa jimbo la Pennsylvania, mabaharia wa Convention, na wenzao wa Gerard.

Robo. Watu waliolala juu ya risasi za vijiko siku mbili. Mimi nimejaribu kuona upande wa Houston, na kuna hoja kidogo pale, kwamba boti haikuwa imetulia. Msaidizi wa dakika za mwisho alistahili kitu. Lakini angalia ni nani aliyekuwa ametoa wazee wa mahakama, jaji, na meli iliyodai. Jimbo moja. Jimbo lilikuwa mdai na pia mwenye korti, na Olmsted alikuwa mgeni kutoka Connecticut.

Kulikuwa na njia ya rufani. Novemba 1775 Kongresi lilikuwa limeambia makoloni yaunde korti za ngawira, lakini rufani ije kwa Kongresi lenyewe. Olmsted hakuwa na pesa za kukata rufani. Nani akamfadhili? Benedict Arnold, aliyekuwa mkuu wa jeshi mjini Philadelphia, yule yule ambaye jina lake leo Marekani maana yake ni msaliti. Arnold alinunua kimyakimya sehemu ya madai ya Olmsted. Hakuifanya kwa huruma, alikuwa ananusa faida. Hata haki ya maskini ilikuwa na hisa sokoni.

Tarehe 15 Desemba 1778 kamati ya rufani ya Kongresi ikaamua: boti yote ni ya Olmsted na wenzake. Mwisho wa hadithi, si ndio? Hapana. Ross akakataa. Sheria ya Pennsylvania, akasema, inaamuru kwamba ukweli ulioamuliwa na wazee wa mahakama haupitiwi tena na mtu yeyote. Mzigo ukauzwa. Kamati ikampa ofisa wa korti amri asiachilie hizo pesa. Ofisa akaipuuza, akamkabidhi Ross. Na Kongresi lingefanya nini? Halikuwa na polisi, halikuwa na ushuru wake, liliishi kwa kuyaomba majimbo pesa. Kugombana na Pennsylvania ndani ya Philadelphia, katikati ya vita, lilikuwa jambo ambalo halingelimudu. Kamati ikaandika kwamba amri yake imedharauliwa, ikakunja mikono.

Fungu la jimbo, zaidi ya pauni 11,000, likapewa mweka hazina wa Pennsylvania, David Rittenhouse. Huyu alikuwa mnajimu maarufu, mtu wa darubini na mahesabu ya sayari, na alikuwa mwangalifu vilevile na pesa. Aliweka sahihi kwamba Ross akibanwa azirudishe, yeye atamlipa. Halafu akazihifadhi kwa jina lake mwenyewe, kwenye hati za mkopo wa serikali, akingoja aone upepo unaelekea wapi. Ross akafa 1779. Vita vikaisha 1783. Katiba mpya ikaandikwa 1787. Hati zikawa bado zipo. Rittenhouse akafa 1796, hati zikarithiwa na binti zake wawili, Elizabeth Sergeant na Esther Waters.

Olmsted alikuwa bado anapeleka faili. Ukiwa na mzee kwenu mwenye kesi ya shamba unajua mtu wa aina hii. Kila mwaka anavaa koti lile lile anaenda kortini, na watoto wake hawajui tena kesi ilianzaje.

Kilichomwokoa ni kesi ya mtu mwingine. Mwaka wa 1795 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mzozo wa meli nyingine, Lusanna, iliyotekwa na watu wa New Hampshire, na ikasema zile rufani za zamani za Kongresi zilikuwa na nguvu ya sheria. Olmsted akaingia mlango huo huo. Mwaka wa 1803 Jaji Richard Peters wa korti ya serikali kuu akaamua wale akina mama walipe. Bunge la Pennsylvania likapitisha sheria ya kuwaambia wasilipe Olmsted, walipe jimbo, na gavana awalinde. Peters akaogopa, akaacha amri yake ilale kabatini. Miaka mitano! Olmsted akaenda Mahakama ya Juu kuomba jaji alazimishwe kutekeleza hukumu yake mwenyewe.

Tarehe 20 Februari 1809 Jaji Mkuu John Marshall akatoa uamuzi, na wanafunzi wa sheria wa Marekani wanausoma mpaka leo. Hoja yake ukiitoa suti ni hii: kama bunge la jimbo linaweza kufuta hukumu ya korti ya taifa, basi katiba ni mzaha na hakuna taifa hapo.

Pennsylvania haikusikia vizuri. Gavana Simon Snyder akatuma wanamgambo chini ya Jenerali Michael Bright wazingire nyumba za mabinti wa Rittenhouse. Ofisa wa korti akifika na karatasi zake anakutana na singe. Watu wa mjini wakaibandika nyumba jina la Ngome ya Rittenhouse. Ofisa naye akatangaza kwamba ataita raia 2,000 wamsaidie. Hebu ona: miaka 22 baada ya katiba, jeshi la jimbo na nguvu za serikali kuu zinatazamana mtaani Philadelphia, na chanzo ni boti iliyotekwa na wanaume wanne. Gavana akamwandikia Rais James Madison akitumaini kuungwa mkono, kwa sababu Madison aliwahi kutetea sana haki za majimbo. Madison akamjibu kwa adabu kwamba kazi ya rais ni kutekeleza hukumu za korti.

Hapo ndipo Pennsylvania ilipolegea, na haikulegea kwa heshima. Ofisa alipitia uani, akaruka ua wa nyuma, akamkamata Bi. Sergeant kabla wanamgambo hawajageuka. Bunge la jimbo lilikuwa tayari limetenga dola 18,000 kwa ajili ya balaa hilo. Olmsted akalipwa. Jenerali Bright na watu wake wakashtakiwa kwa kuzuia sheria, wakahukumiwa kifungo na faini, na Madison akawasamehe baada ya muda mfupi.

Mzigo wenyewe ulikuwa umeshanywewa na kuliwa miaka 30 kabla. Arnold, mwenye hisa, alikufa London mwaka wa 1801 bila kuona matunda ya kesi hiyo. Jersey ilikuwa imeoza kwenye matope ya Brooklyn. Na James Forten, kijana wa Royal Louis, alikuwa na karakana yake ya matanga pale pale Philadelphia siku zile wanamgambo waliposimama na singe kulinda pesa za boti ya mwaka wa 1778.